Kibao cha Plastiki na Mkono wa Fundi
Wakuu wa ofisi na shule, hata huko Wawi kisiwani Pemba, wakitaka kibao hukimbilia plastiki iliyochapwa kwa mashine, ambayo jua huipausha upesi. Fundi wa brashi huambiwa kuwa kazi yake imepitwa na wakati. Hoja hiyo ni dhaifu. Milango ya Beit al-Ajaib, jumba la Unguja lililojengwa mwaka 1883, ilichongwa aya za Kurani zikatiwa dhahabu. Dhahabu ya namna hiyo hupondwa ikawa nyembamba kuliko karatasi. Mkono usiofunzwa huirarua. Utafunzwa na nani, ikiwa fundi hana kazi wala mwanagenzi? Na wakuu haohao ndio wahimizao vijana wajiajiri! Kazi ya kibao kijacho na apewe fundi, kwa sharti la kumfunza kijana mmoja.