Mji Unakuja? Basi Uliopo Una Kosa Gani?

Hoja za madalali umeshazisikia, msomaji: nunua kiwanja Chanika au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, achana na nyumba kuukuu za Magomeni, Ilala na Sinza. Nazileta mbele yako uamue.

Ya kwanza ni bei. Wanasema pesa ya nyumba moja chakavu Magomeni inanunua viwanja kadhaa nje ya mji. Kweli, inanunua. Lakini kiwanja hakilaliki. Ukishalipa bado unadaiwa tofali, bati, nguzo ya umeme, maji ya boza na kodi ya chumba unachoishi ukiendelea kujenga. Hesabu ya dalali inakoma siku ya kukabidhiana pesa. Halafu msikilize anavyomalizia: "Wahi sasa, mji unakuja." Yaani mji usiofaa kununuliwa ndio sababu ya kununua kiwanja! Kama thamani inaletwa na lami, bomba na kituo cha basi, Magomeni inavyo leo. Mabasi ya mwendokasi yanapita pale tangu 2016.

Ya pili ndiyo nzito: nyumba za mjini ni za urithi, zimejaa kesi. Wapo walioumia. Nyumba ya marehemu babu, vyumba sita na uwani, mrithi mmoja anaweza kuiuza wenzake wasijue. Lakini kinga yake inajulikana: barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, upekuzi kwa Msajili wa Hati, na ridhaa ya mwenzi inayodaiwa na Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa nyumba ya wanandoa. Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja wa Benki ya Dunia, kumbukumbu zipo. Zaidi ya hapo, majirani wanajua nani mtoto wa nani. Sasa geukia kiwanja ambacho hakijapimwa: ushahidi ni karatasi ya mauziano, mpaka ni mwembe. Kikiuzwa mara mbili, hakuna daftari la kukuonya. Ipi inatisha zaidi, kesi unayoweza kuiona kabla hujalipa, au inayokukuta umeshamwaga msingi?

Ya tatu: mjini utabomolewa. Ajabu ya hoja hii ni ushahidi wake. Bomoabomoa ya 2017 kwenye hifadhi ya Barabara ya Morogoro ilianzia Kimara kuelekea Kiluvya, huko huko nje wanakotupeleka.

Mafuriko? Jangwani kunafurika, hata karakana ya mwendokasi imewahi kuzama. Lile ni bonde la Msimbazi, usinunue humo. Bonde moja halihukumu Ilala nzima.

Na kelele za baa za mjini? Sizikatai. Nenda ukakague Ijumaa usiku.

Atakayekuletea kiwanja, mdai vitu vitatu: hati, ramani ya upimaji, na hesabu ya nauli yako ya mwezi mzima. Asipokuwa na viwili vya kwanza, usimpe hata pesa ya utangulizi.