Jaribio la Mtambo Lianzie Kwenye Ramani

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, aina ya Boeing 737 MAX 8, ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita tu baada ya kuondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu wote 157 waliokuwamo walikufa. 32 kati yao walikuwa Wakenya. Kilichoanza kuharibika ni kidude kidogo kando ya pua ya ndege, kinachopima pembe ambayo ndege huukabilia upepo. Cha kushoto kilionyesha nyuzi 74.5, cha kulia 15.3. Mtambo wa kompyuta ulikiamini cha kushoto peke yake, ukaiinamisha pua tena na tena, huku marubani wakishindana nao.

Wengi husema mtambo huo haukujaribiwa. Ulijaribiwa. Ripoti ya bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ya Septemba 2019 ilieleza kwamba, katika mashine ya kuigiza urukaji, watengenezaji waliwapima marubani kwa kuuamrisha mtambo uinamishe pua bila sababu. Hawakuiga kidude kibovu chenyewe, pamoja na maonyo yote ambayo ubovu huo huyazusha kwa mara moja. Jaribio liliingilia mlango wa uani.

Hapana budi, basi, kila waya unaoingia katika kompyuta ya ndege ubuniwe ukiwa na mahali pa kupenyezea ishara ya uongo, na pengine pa kusomea jibu. Hapo mashine ya majaribio yaweza kukesha ikirudia maelfu ya hitilafu bila kuchoka: kidude kilichokufa, kilichokwama, na viwili vinavyobishana. Nafasi hizo zisipochorwa mapema, kuzitafuta ndege ikiisha kuundwa ni kazi ya gharama kubwa, na mwenye haraka huiacha. Ndege za MAX zilizuiwa kuruka duniani kote. Marekani haikuziruhusu tena hadi Novemba 2020, programu ikiwa imerekebishwa ilinganishe vidude vyote viwili. Tanzania nayo ilipokea MAX yake ya kwanza mwaka 2023, hivyo jambo hili si la wageni.

Shuleni somo hili halihitaji ndege. Kule Mabogini, kusini ya Moshi, maji ya mto Njoro hugawiwa majaruba ya mpunga kwa mifereji ya mradi uliokamilika mwaka 1987. Mwalimu wa fizikia wa huko na awatake wanafunzi wabuni mfano wa mlango wa mfereji unaojifunga boya linapopanda. Kisha awaulize: boya likinasa kwenye tope, itajulikanaje kabla majaruba hayajafurika? Atakayerudi na boya la pili la kulinganishia, na kijiti cha kuliinua boya mfereji ukiwa mkavu, amelielewa somo. Atakayeleta mlango uliofanya kazi siku ya maonyesho tu apewe nusu ya alama.