Upepo wa Breki Unatorokea Wapi?



Swali la juma hili twaulizwa mara nyingi na wenye malori na mabasi: "Jioni nimelaza gari, geji imejaa upepo. Asubuhi mshale umelala chini kabisa. Fundi amebadili kompresa, nimelipa, na hali ni ile ile. Nifanyeje?"

Kwanza, usinunue kompresa nyingine. Kazi ya kompresa ni kujaza. Ikiwa inajaza upesi, ni nzima, na anayemwaga ni mwingine. Tena hiyo kompresa nzima ndiyo inayokuficha ugonjwa. Maadamu injini inanguruma, kila upepo unaopotea hurudishwa mara, na dereva huona mshale umesimama palepale akaridhika. Ugonjwa hujitokeza siku ya foleni katika mteremko kama ule wa Kitonga, injini imepungua mwendo, mguu unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia, na nyuma wamekaa wanakwaya 50 wanaimba. Hapo kompresa haiwahi tena.

Magari mengi makubwa ya siku hizi yana springi kali ndani ya chemba za breki za nyuma, yale makopo ya chuma yaliyo karibu na magurudumu. Upepo ukipungua sana, springi hukamata magurudumu zenyewe. Ni kinga kubwa, lakini gari kujifunga lenyewe katikati ya kona si jambo la kutamani. Na lori la zamani lisilo na springi hizo, upepo ukiisha, breki zimekwisha.

Basi, tutafute. Egesha gari mahali tambarare, tia kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, maana hendibreki utaiachia. Jaza upepo mpaka kompresa iache yenyewe, kwa kawaida karibu na ratili 120 (ndizo paundi) kwa inchi ya mraba. Geji za Ulaya zitaonyesha 8 na kidogo. Zima injini. Zima redio pia, na watoto wakacheze mbali. Achia hendibreki, mguu usiguse kitu, ngoja mshale utulie, kisha tazama saa.

Madereva wa Marekani hufundishwa kipimo hiki kwa mtihani wa leseni ya magari makubwa: mguu ukiwa mbali, mshale usishuke zaidi ya ratili 2 kwa dakika 1, au 3 gari likiwa na trela. Ukikanyaga na kushikilia, usishuke zaidi ya 3, au 4 ukiwa na trela. Ule mshuko wa kwanza wa kukanyaga hauhesabiwi. Ni kipimo chema, yafaa nasi tukitumie. Lakini piga hesabu: gari linalopoteza ratili 2 kila dakika litakuwa tupu kabla hujamaliza usingizi wa kwanza. Kwa hiyo kuamka bila upepo peke yake hakukuambii kama gari ni la hatari au la. Saa ndiyo itakayokuambia.

Mshale ukishuka kupita kipimo, usikimbilie spana. Gawa kwanza. Kama upepo unapotea tu wakati mguu umekanyaga, tafuta upande wa pedali: valvu iliyo chini yake, mipira iendayo magurudumuni, na ngozi ya mpira iliyo ndani ya chemba. Kama unapotea hendibreki ikiachiwa, na ukiivuta unakoma, basi ni upande wa zile springi. Na kama unapotea hata hendibreki ikiwa imevutwa, tazama mitungi, mabomba yake, na njia itokayo kwenye kompresa. Kwa dakika tano hizo umekwisha punguza kazi kwa nusu na zaidi.

Kisha sikiliza. Mmoja akae kwenye pedali, mwingine azunguke gari polepole. Mahali pakishukiwa, chukua sabuni ya kufulia iliyovurugwa majini mpaka ikazae povu, paka kwa brashi kila kiungo. Povu litavimba. Tazama hasa pale bomba linaposuguana na fremu, na pale linapopita karibu na ekzosi.

Sasa kuna ulaghai mmoja ambao umewala watu fedha nyingi. Waona upepo unavuma katika tundu la chini la valvu kubwa ya ekseli ya nyuma, ile inayogawia magurudumu upepo. Kila mtu atasema valvu imekufa. Ngoja. Vuta hendibreki. Kama mvumo unakoma, valvu yaweza kuwa nzima kabisa. Mpira wa ndani ya chemba mojawapo umepasuka, upepo unaoshikilia springi unavuka upande wa pili, unarudi kwa mpira wa breki mpaka kwenye valvu na kutokea tunduni pake. Kumjua mkosaji: gari likiwa na kabari zake, na upepo umetolewa wote, fungua kwenye valvu hiyo mipira ya breki iendayo kwenye chemba, jaza tena, achia hendibreki bila kugusa pedali. Mpira utakaotoa upepo ndio wa chemba mbovu.

Chemba hiyo usiifungue kwa nyundo na patasi chini ya mwembe. Springi iliyobanwa humo yaweza kuua mtu. Nunua chemba nzima, au umpe fundi mwenye chombo chake cha kuibana. Na kama basi lako, au moja ya zile nyumba za magurudumu wanazosafiria wageni, limekalia mifuko ya upepo badala ya springi, asiingie mtu chini yake mpaka uliegemeze juu ya magogo imara au vyuma vyake. Mfuko ukipasuka, bodi hushuka ghafula.

Lipo na jambo ambalo siliwezi kulinyamazia. Mpira wa gurudumu moja umepasuka njiani, dereva anauziba kwa bolti, geji inapanda, safari inaendelea. Mshale sasa ni mzuri, lakini gurudumu hilo halina breki, na gari litavuta upande mmoja siku utakapokanyaga kwa nguvu. Vivyo hivyo vipande vya tyubu vya kufungia mabomba: havistahimili. Bomba la plastiki likate kwa kisu kikali, wima, uweke kiungo kipya. Bei yake ni ndogo kuliko chakula cha njiani.

Maji yaliyomo mitungini uyatoe kila jioni. Hayo na mafuta ya kompresa ndiyo yanayoozesha mipira mapema.

Ukiisha tengeneza, rudia kipimo kile kile kwa saa ile ile, uandike katika daftari la gari tarehe na ratili zilizopotea. Mwezi ujao pima tena, ulinganishe.