Bei ya Familia ni Bei Gani?

Wacha niseme hii maneno mara moja, na mwenye kukasirika akasirike: hakuna kitu inaitwa bei ya familia. Kuna bei, na kuna zawadi. Ile ya katikati, ambapo anti anakutumia picha ya keki ya ngazi tatu aliyoitoa Pinterest halafu anaandika "si utanifanyia ile ya kifamilia," hiyo ni kazi ya bure iliyopewa jina tamu.

Nitawapa hesabu kwanza, kwa sababu hapo ndipo watu hunyamaza. Keki ya kilo moja, ile ya kawaida, ni unga robo, sukari robo, siagi robo na mayai matano. Mtu akisikia hivyo anasema, "Kumbe ni mia tatu tu!" Eeh, ni karibu hiyo, kwa bei za duka la mtaani kwetu. Lakini wewe hukuitisha keki kavu ya chai, uliitisha black forest. Kwa hivyo ongeza krimu, chokoleti ya kukwaruza juu, cheri, sharubati ya kulowesha ndani, kibao cha kuiweka na boksi la kuibeba. Ongeza gesi. Ongeza tokeni za stima, kwa sababu krimu haijipigi yenyewe na friji haiendeshwi na maombi. Nikifika hapo mimi huwa nimepita mia tisa, na sijauhesabu mkono wangu.

Na mkono ndio mwingi. Kupima na kuchanganya ni nusu saa. Kwenye oveni ni karibu saa nzima, na hapo huwezi hata kutoka kwenda kununua sukumawiki. Halafu keki ipoe kabisa, masaa mawili hivi, maana ukipaka krimu juu ya keki yenye joto inateleza yote hadi kwenye sahani. Halafu kukata, kupanga, kupamba, kuosha vyombo vilivyojaa mafuta. Halafu kumweka boda na kumsihi aende polepole kwenye matuta, na yeye anaitikia tu "sawa madam" huku akipaa. Keki moja inakula masaa tano ama sita ya siku yako. Anayekupa elfu moja amekulipa mia moja kwa hayo yote, na analala akiamini amekuinua.

Nikisema hivi naambiwa, "Lakini si wewe uko tu nyumbani."

Hiyo "uko tu nyumbani" ndiyo imeniandikisha hii post. Nina kaka yangu anatengeneza simu. Meza yake iko sebuleni, hatua nne kutoka kwa oveni yangu. Tuko nyumba moja, kodi moja, stima moja. Mjomba akija na simu iliyopasuka kioo, anauliza "ni ngapi kijana?" na anatuma kwa M-Pesa kabla chai haijapoa. Huyo huyo mjomba akigeuka upande wangu, ni "mrembo, utanitengenezea ka-keki ka mtoto Jumamosi, eh?" Hajasema ngapi. Hata haijamjia akilini kwamba kuna ngapi. Yeye si mtu mbaya. Amelelewa akijua kwamba anachofanya mwanamume mezani ni kazi, na anachofanya msichana jikoni ni tabia njema.

Na si kwetu peke yake. KNBS walifanya utafiti wa matumizi ya muda mwaka 2021. Wanawake Kenya wanatumia karibu masaa manne na nusu kwa siku kwa kazi za nyumbani na kulea bila malipo. Wanaume? Hata saa moja haifiki. Kwa hivyo msichana anapogeuza jiko kuwa biashara, anajaribu kupata pesa palepale ambapo nyumba nzima imezoea kuchukua bure. Lazima patakuwa na kelele.

Kuna wale wa "nitakutangaza." Atakupostia status, iangaliwe na watu sitini, na hamsini kati yao ni familia. Unajua hao hamsini watakuja wakiuliza bei gani. Sitaki kusema mengi hapo.

Sasa wacha nifike kwa hoja yenye uzito, kwa sababu iko. Tunaambiwa: familia ndiyo imekusomesha, familia ndiyo itakuzika, utaanzaje kuwauzia? Mimi siwezi kuicheka hiyo. Mama yangu alianza kuoka kabla tupate oveni. Alikuwa anaweka mchanga kwa sufuria kubwa, anaingiza ndogo yenye keki ndani, anafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Kila harusi ya ukoo, kila ruracio, kila mtoto aliyebatizwa, ni yeye. Hakulipwa hata siku moja. Na alipolazwa hospitali, ukoo huo huo ulifungua grupu ya WhatsApp na ukachanga mpaka bili ikaisha. Hilo ni kweli na nalishukuru. Kuna mtu atasema, basi si ndio hivyo, alilipwa.

Lakini angalieni vile mchango huandikwa. Mmeshakaa kwenye harambee. Kuna mtu wa kalamu. Mjomba akitoa elfu tano, jina linasomwa, watu wanapiga makofi, kiasi kinaandikwa, na miaka kumi baadaye bado anaweza kukumbusha watu kwamba alitoa. Mwanamke aliyeoka keki nne, akapika pilau ya watu mia mbili na kulala saa nane usiku anatajwa wapi? Mwisho kabisa, MC akishika maiki kufunga: "Na asanteni sana akina mama wa jikoni." Wote kwa pamoja. Bila jina, bila kiasi. Mama alipopona alikuwa na deni la shukrani kwa kila mtu kwenye ile orodha ya grupu, na kila shilingi yao ilikuwa imeandikwa. Keki zake za miaka ishirini hazikuwa zimeandikwa popote. Alitoka hospitali akiwa ndiye anayedaiwa.

Hapo ndipo mimi na wale wanaoeneza injili ya "kata familia, linda amani yako" tunaachana. Sitaki kukata mtu. Ninataka kalamu ifike jikoni. Keki ikiwa ni ya elfu nne mia tano, basi nikiitoa kwa harusi ya binamu, mimi nimechanga elfu nne mia tano, na isomwe hivyo. Msinisomee "keki" kama vile imedondoka mtini.

Na zawadi ibaki zawadi. Shosho anapata keki kila mwaka na hatawahi kuona bei yake. Hiyo niliamua mimi. Yeye hajawahi kuitisha, na akipewa kipande cha kwanza anampa mtoto wa jirani. Ukinichagulia rangi, uzani, tarehe na maandishi ya juu, umeagiza.

Kizazi chetu kinajua haya mambo, ndiyo maana nakasirika. Mwaka 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Tuliona VAT ya 16% ikinyemelea mkate na tukapiga kelele mpaka pendekezo likaondolewa, na mwisho mswada wote ukarudishwa. Sisemi hilo kwa mzaha, kuna wenzetu waliouawa mwezi huo wa Juni. Nasema tu kwamba tulijua kuuliza nani analipa na nani anakula. Sasa mbona ukifika nyumbani unamwambia dada yako akupikie keki ya graduation bila hata kuuliza mayai ni ngapi siku hizi? Wewe uliyekuwa na bango!

Kitu ingine. Hiyo keki ya bure haiishii kwangu. Ukishamwambia rafiki yako "mimi yangu nilifanyiwa na binamu kwa mia nane," ataenda kwa msichana mwingine, labda amekopa kwa chama kununua mashine yake, na atamwambia elfu mbili ni wizi.

Wengine wataniuliza kuhusu gesi ya mama, ndio nijue umbea uko wapi. Mtungi tunagawana nusu kwa nusu, na nusu yangu iko ndani ya bei. Kama ingekuwa haimo, ningekuwa nauza gesi ya mama kwa hasara na kujiita mfanyabiashara.

Sasa kwa kamati ya harusi ya Disemba, na najua wengi wenu mnasoma hapa: keki mliyoitaka ni ya kilo nane. Kwangu kilo moja ni elfu mbili na mia mbili, kwa hivyo jumla ni 17,600. Mnaweza kutuma nusu kabla ya mwezi wa kumi na moja kuisha. Ama mnaweza kuandika jina langu kwenye karatasi ya michango, 17,600 mbele yake, na isomwe siku ile mbele ya watu, kwa sauti ile ile ya mjomba. Mkikataa yote mawili sina kinyongo. Kuna duka la keki hapo steji, na hao wanaitisha pesa yote kwanza.