Kioo Kisafi

Huenda ukastaajabu, msomaji, kumwona mtu wa Majengo, Nyeri, akishika kalamu kubishana juu ya mambo ya bahari, hali kutoka mtaani kwetu hata Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Lakini ubishi huu ulizuka papa hapa, barazani. Kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyepata kazi katika mashua moja ya pwani, alirudi likizo akatuambia kuwa chombo chao kimetiwa sona ya kutazama mbele. Na kwamba tangu siku hiyo nahodha hana haja ya kuijua bahari, kwani mashine yaijua kwa niaba yake. Waliokuwapo walimshangilia. Mimi nilikataa, na nakataa hata leo.

Kwanza ifahamu kazi yake. Je, umepata kusimama kando ya bonde la mto Chania ukaita kwa sauti kuu, na ng'ambo ikakujibu? Sona hufanya vivyo hivyo. Chini ya mashua, upande wa omo, pana kifaa kinachopeleka sauti mbele majini, kisha kikasikiliza mwangwi. Katika maji ya bahari sauti huenda kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde. Basi mwangwi wa mwamba ulio mita 30 mbele hurudi kabla hujapepesa jicho, na mashine huuchora kiooni. Mwamba mgumu hujibu kwa nguvu, tope hujibu kwa unyonge, na mapovu ya mawimbi nayo hujibu, ingawa si kitu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mashine hupokea kila jibu. Wewe ndiwe unayeiamuru, kwa kitufe chake, isikilize kwa makini kiasi gani. Ukizidisha usikivu, kioo hujaa madoa kama dirisha wakati wa mvua. Ukiupunguza, madoa hutoweka, kioo kikang'aa na moyo ukatulia. Nahodha mvivu hupenda kioo kisafi. Lakini pamoja na madoa yale huenda amefuta jibu dhaifu la mwamba uliolala mshazari, ambao sauti huupiga ikaruka upande badala ya kurudi. Mtu huyo hakudanganywa na mashine. Ameiamuru inyamaze, nayo imetii.

Mjuzi hufanya kinyume. Huanza na kioo chenye madoa, katika maji ambayo amekwisha kuyapima kwa bildi, akapunguza usikivu kidogo kidogo mpaka chini ya bahari paonekane wazi na madoa machache yasalie. Akiingia maji mengine, hurudia. Tena hasahau kwamba katika maji haba mashine haioni mbali, hata ukiiagiza ioneshe mita 100. Kwa mwendo wa maili 5 za bahari kwa saa, mita 30 humalizika kwa sekunde 12 hivi. Sekunde hizo zamtosha nahodha aliyegeuka kumimina chai?

Mpinzani wangu atanikumbusha safari ya Vasco da Gama. Mwezi wa Aprili 1498, kabla ya mapambazuko, merikebu yake moja, São Rafael, ilipanda fungu karibu na Mtangata, upande wa Tanga, ikakwama mpaka maji yalipojaa. Laiti wangalikuwa na sona! Naam, nakubali, gizani jicho halioni fungu, na sona ingaliweza kuliona. Sikusema itupwe. Lakini sona iliyopangwa kwa maji ya kilindi hutaka kupangwa upya chombo kikikaribia mafungu, na nani angaliwaambia kuwa wakati huo umefika? Si sona.

Hayo yote nilimweleza yule kijana, naye akanijibu kuwa mashua yao haijagonga kitu hata siku moja, na kwamba kila juma hupakia watoto wa shule wanaokwenda kutazama matumbawe. Nikamuuliza ni nani kati yao aliyegusa kitufe cha usikivu tangu mashine ilipofungwa. Akafikiri kitambo. Akasema fundi aliyeifunga aliipanga vizuri, kioo ni safi kabisa, nao wamekatazwa kuigusa.