"Pasta, Amina. Lakini Shimo Bado Liko Wazi"

Leo naomba mnivumilie, maana neno hili limenikemea mimi kabla sijalileta kwenu. Mhusika amenipa ruhusa kulisimulia bila jina lake.

Kuna dada katika ushirika wetu hapa Kitengela. Hajaolewa. Aliweka akiba kwenye sacco miaka mingi, akanunua ploti ya 50 kwa 100, akajenga polepole, chumba baada ya chumba, hadi akahamia. Siku ya kuweka nyumba wakfu tuliimba, nikapaka mafuta miimo ya milango, tukala pilau, kila mtu akaenda kwake.

Miezi michache baadaye, bomba linalotoka kwenye mita kuelekea kwenye tangi likapasuka chini ya ardhi, kando ya ukuta wa jirani. Mnaoishi huku mnaujua udongo wetu mweusi. Ukinywa maji unafura, ukikauka unapasuka. Maji yalivuja taratibu bila yeye kujua, na ukuta wa jirani ukapata ufa wa kupitisha kidole.

Jirani akaja getini amekasirika. "Mama, naomba kuongea na mwenye boma." Dada akamwambia mwenye boma ni yeye. Jirani akacheka, akasema, "Ndiyo maana."

Neno hilo lilimchoma. Akafunga geti, na kwa wiki mbili hawakusalimiana. Akajitafutia fundi. Fundi akataka pesa zote mbele, akachimba mtaro siku moja kutoka kwenye mita hadi ndani ya geti, kisha simu yake ikazimwa. Mtaro ukabaki wazi. Jumapili jioni mtoto wa jirani alikuwa anafuata mpira njiani, akaanguka humo, akavunjika mkono.

Dada alinipigia akilia. Mimi nilikuwa naelekea kikao. Nikaomba naye kwa simu dakika mbili hivi, nikakemea roho ya uharibifu, nikamwambia, "Mungu ameshashughulika."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Pasta, amina. Lakini shimo bado liko wazi."

Wapendwa, usiku huo sikupata usingizi.

Nilifungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale Mungu anamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, ili mtu asije akaanguka na hatia ya damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mapaa ya kule yalikuwa bapa, na watu walipanda juu. Sasa angalia vizuri. Agizo hilo halimuulizi mwenye nyumba kama ameoa au ameolewa. Aliye na nyumba ana wajibu kwa anayekaribia nyumba yake, basi.

Kwa hiyo nasema wazi, hata kama wengine hawatapenda: kanisa tumewakosea watu wanaoishi peke yao. Dada akisema gata imeanguka, tunamwambia, "Utapata mume, hayo yatatengenezwa." Mjane akisema paa linavuja, tunamwekea mikono. Kaka asiyeoa akialika watu kwake, tunamuuliza nani atapika. Tunazungumza kana kwamba nyumba yao bado haijaanza kuwa nyumba.

Soma 2 Wafalme 4. Mjane amezongwa na deni, wanawe wanakaribia kuchukuliwa watumwa. Elisha hakumwambia angoje mwanaume. Alimtuma kwa majirani zake akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Muujiza ule ulipitia milango ya majirani. Kama mama yule angekuwa amenuniana nao, mafuta yangeingia wapi?

Na hapa dada yetu naye alijifunza. Jirani alikosea kwa lile neno, lakini maji yalikuwa yake. Mtu akikudharau, dharau yake haizibi bomba lako. Wiki zile mbili za kununa ndizo zilizomwacha bila mtu wa kumwambia, "Huyo fundi tunamjua, usimpe pesa."

Jumamosi nilienda na vijana wawili na mzee mmoja wa kanisa, tukabeba majembe na mbao, tukafunika mtaro. Nikataka kuvuka kwa jirani nimsemee. Dada akanizuia: "Pasta, hapana. Mwenye boma ni mimi." Akaenda na mama mmoja wa kanisa, wakabeba mkate na maziwa. Akamjulia hali mtoto, akaomba msamaha, akalipa gharama ya hospitali, wakaandikiana kuhusu ukuta. Jirani hajaomba msamaha kwa lile "ndiyo maana" hadi leo. Lakini yeye ndiye aliyempa namba ya fundi anayemwamini, na siku ya kazi alikuja akasimama pale hadi bomba likafungwa.

Wewe unayekaa peke yako kwenye nyumba yako, chukua haya. Jua mahali pa kufungia maji yako na mahali pa kuzimia stima, kabla hujazihitaji usiku. Ukishuku maji yanavuja, funga mifereji yote usiku, soma mita, kisha isome tena asubuhi. Ikiwa imesonga na hukutumia maji, kuna mahali yanapotea. Vifaa nunua mwenyewe, shika risiti. Fundi mlipe kwa awamu, kazi inavyoendelea. Na kitu chako kikimharibia jirani, wewe ndiwe uende kwake kwanza, kabla hajabisha geti lako.

Wengine mtaniambia, "Pasta, huyo wangu humjui." Kweli, simjui. Kuna jirani mgomvi, na kuna anayejitolea kukushikia ngazi akiwa na nia nyingine. Usiende peke yako, nenda na mtu. Paulo katika Warumi 12:18 anatutaka tuwe na amani na watu kwa kadiri inavyowezekana kwa upande wetu. Upande wake mwachie Mungu.

Na sisi wengine, hasa sisi wachungaji: wiki hii mtafute mtu mmoja kanisani anayeishi peke yake. Usimuulize ataoa lini au ataolewa lini. Muulize ni kitu gani kimeharibika kwake. Omba naye, ndiyo. Kisha beba jembe.

Baba, tusamehe kwa maombi tuliyoyafanya ili tusiende. Tupe miguu ya kuvuka kwa jirani. Katika jina la Yesu.

Kama kuna shimo umeliacha wazi, lako au la ndugu yako, andika Amina, halafu inuka ukalifunike. Mbarikiwe.