Kikokotoo kisichoonyesha hesabu kitatuangushia paa

Waandishi wenzangu wa programu, leo nawasuta.

Vikokotoo vya boriti za mbao vimejaa kwenye intaneti. Unajaza upana, kimo na urefu, unabonyeza, kisha linatokea neno la kijani: "Salama". Salama kwa hesabu gani? Kimya!

Programu ya namna hiyo ni heri isingeandikwa, maana hesabu yenyewe haina siri. Zidisha upana kwa kimo, zidisha tena kwa kimo, gawa kwa 6. Jibu lizidishe kwa mkazo ambao mbao hiyo inaruhusiwa kubeba, na hapo una momenti ya kupinda ambayo boriti itahimili. Mstari mmoja tu wa msimbo.

Haya, chukua mbao ya milimita 50 kwa 150. Ukiisimamisha: 50 × 150 × 150 ÷ 6 = 187,500. Ukiilaza: 150 × 50 × 50 ÷ 6 = 62,500. Mbao ile ile, bei ile ile, nguvu theluthi moja! Tuseme mkazo ni niutoni 5 kwa milimita mraba, na kuta zimeachana mita 3. Iliyosimama itabeba takriban kilo 255 zilizosambazwa sawasawa, pamoja na uzito wake. Iliyolala, kilo 85. Fundi akiiona hesabu hii hatailaza mbao tena. Akiona "Salama" tu, hata akikosea visanduku, upana ukaingia mahali pa kimo, hatajua.

Mtaniambia mtumiaji anataka jibu, hataki somo. Basi mkumbukeni Galileo. Kitabu chake cha mwaka 1638 kilipatia kwamba nguvu hufuata kimo mara kimo, lakini hesabu yake ilikuwa sawa na kugawa kwa 2 badala ya 6. Boriti ikapewa nguvu mara tatu ya haki yake. Parent mwaka 1713 na Coulomb mwaka 1773 waliweza kuinyoosha kwa sababu hoja ilikuwa wazi kwenye karatasi. Angeacha neno la kijani tu, wangesahihisha nini?

Na ule mkazo mliouficha ndani ya msimbo ni wa mti gani? Saiprasi mbichi yenye vifundo si sawa na mbao kavu iliyonyooka. Hata vipimo hudanganya: 50 kwa 150 ikipigwa randa ikabaki 45 kwa 145, asilimia 16 ya nguvu imekwenda na maranda.

Kwa hiyo onyesheni fomula. Onyesheni vipimo na mkazo mliotumia. Semeni pia msichokagua, kama vile kunepa na mkazo wa kukata. Mkiona kazi hiyo ni kubwa, futeni neno "Salama". Chini ya boriti hiyo watalala watu.